Karatasi Asiyosomewa Mama

Tarehe 12 Januari

Mdogo wangu Chiriku,

Kabla sijashika kalamu Mama alikuwa ameshakutaja mara tatu, na hata chai hajanywa, kwa hiyo pokea salamu zake kwanza, zangu zinafuata. Sisi wawili wazima. Magoti yanamsumbua akiinuka, lakini akishasimama maneno yake ni yale yale. Macho ndiyo yamekwisha. La kushoto linaona mwanga wa dirisha tu, la kulia linaona kuna mtu, basi, halijui ni nani. Daktari ametuambia tusitumaini zaidi ya hapo. Msalimie shemeji na mtoto.

Picha ya duka lako imefika. Mama aliishika akataka nimweleze, nikamweleza: dirisha kubwa la kioo, magauni meupe matatu, maandishi ya dhahabu juu ya mlango. Akauliza, na mwenyewe yuko wapi? Nikamwambia umesimama mlangoni umekunja mikono kama askari wa zamu. Alicheka mpaka akakohoa. Sasa picha inalala chini ya mto wake.

Anasema simu zako hazimfai. Simu ikikatwa maneno yamekwenda, barua atarudiwa kila akitaka. Kwa hiyo ujue, kila unachoandika namsomea, na ninachoandika mimi namsomea pia kabla sijafunga bahasha. Ukiwa na jambo letu wawili, liweke kwenye karatasi ya pembeni.

Dada yako.

Karatasi ya pembeni

Hii hasomewi.

Nafasi ya msimamizi wa chumba cha nguo imepata mtu. Unajua nimekaa hospitali ile miaka ishirini na minne nikitia viraka vitambaa vya chumba cha upasuaji. Nafasi wamempa yule niliyemfundisha mimi kushika mkasi. Si mtu mbaya. Ana cheti, na anajua kuongea na wakubwa. Walimkabidhi funguo mbele yetu sote, nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Anatembea nazo kiunoni zinalia kila anapogeuka, tumeshampa jina, Bibi Funguo. Jina hilo nimelitoa mimi, na nililicheka kuliko wote, halafu nikaenda chooni nikalia.

Nimechoka, Chiriku. Nalaza kitambaa juu ya meza ya kioo, taa inawaka chini yake, natafuta tundu. Nikiliona nalitia kiraka. Kesho linarudi lingine. Mtu akiniuliza nimefanya nini maishani, nitamjibu nimeziba matundu. Na hiyo picha yako nimeitazama mimi kuliko ilivyostahili.


Tarehe 30 Januari

Dada yangu, na Mama yangu unayesikiliza hapo kitandani na kikombe mkononi (usimwage),

Shikamooni wote wawili. Huku tuko salama, ila mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akisema jina langu anapiga filimbi. Baba yake amekalia miwani yake mwenyewe, amevaa ya zamani iliyofungwa gundi, anaonekana kama profesa aliyefukuzwa kazi. Mimi nimenenepa. Mama, usiseme kitu, nakusikia kutoka hapa.

Kazi imepamba moto. Mashine saba zinanguruma tangu asubuhi, na wasichana wangu wanaimba kwa sauti ili wasikiane. Juzi bibi harusi mmoja ameingia analia, kapunguza mwili kwa ajili ya gauni, sasa gauni linamwanguka. Tumelibana usiku na mchana. Nimewaambia wasichana, safari ijayo tutawapima baada ya harusi.

Ndimi Chiriku wenu, mwenye pini mdomoni.

Karatasi ya pembeni

Dada, njoo kwangu.

Sikubembelezi, nakuambia. Hao watu hawajui thamani yako. Mama alitufundisha sote wawili kwenye mashine moja, na mtaa mzima ulijua ni nani mwenye mkono. Mimi nilikuwa nashona ili nimalize nikacheze. Sasa mimi nina mashine saba na wewe unaulizwa na Bibi Funguo umefika saa ngapi? Omba likizo ya miezi miwili uje ukae. Ukipapenda, unaandika barua ya kuacha kazi ukiwa hapa hapa mezani kwangu, hurudi tena. Mama mdogo yuko peke yake kule kwake, anaweza kuhamia akakaa na Mama.

Jibu haraka, na jibu ndiyo.


Tarehe 21 Februari

Chiriku,

Mama anakujibu kwamba kunenepa ni afya. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, limezibwa. Mama mdogo amekubali kuja na ameshaleta sanduku lake moja na redio yake, kwa hiyo nyumba haina tena utulivu. Nimepewa likizo ya miezi miwili. Nitafika kwa basi la tarehe moja, usije na watu wengi kunipokea.

Dada yako.

Karatasi ya pembeni

Nakuja. Lakini kuna jambo nataka ulijue kabla sijaingia nyumbani kwako, kwa sababu nikiwa hapo uso kwa uso sitaweza kulisema.

Kila kitu changu nakipima na chako. Nikinunua viatu nawaza wewe ungenunua vipi. Nikimaliza kiraka kizuri, kile cha kushonwa mpaka huoni uzi unapopita, nafurahi kwa dakika moja, kisha nakumbuka kwamba wewe siku hiyo umemvisha mtu gauni na watu wamesimama kumtazama. Nakupenda na nakuonea wivu. Vyote viwili vimekuwa vinaishi ndani yangu tangu ulipofungua duka, na mimi ndiye ninayechoka.

Labda nikiwa hapo kwako, tukila meza moja na kufanya kazi moja, hili litaisha. Ndilo tumaini langu. Nimemwambia Mama nakuja kupumzika.


Tarehe 2 Mei

Dada,

Hii usimsomee Mama hata mstari. Ya kumsomea nimeiweka nyuma, ina habari za meno.

Nimesubiri siku nne hasira iishe ndipo niandike, haijaisha, naandika nayo hivyo hivyo. Nilitoka kwenda kununua vifungo. Nimerudi, kitanda chako kimetandikwa, pembe za shuka zimekunjwa kama za wodini, na wewe umeshakwenda kituo cha basi. Likizo yako ilikuwa imebaki siku tatu! Hata kikaratasi hukuacha. Mtoto bado ananiuliza Mama Mkubwa amekwenda wapi. Nimwambie nini?

Kama ni kwa sababu ya gauni, basi tuzungumze gauni. Lile gauni lilikuwa la matundu. Yule binti alilichagua mwenyewe kwenye picha: mgongo wote uwe na matundu yaliyozungushiwa uzi wa hariri. Mkataji alikuwa ametoboa yote Jumamosi, thelathini na moja, uzi tungezungusha Jumatatu alfajiri kabla binti hajaja kujaribu. Jumapili mashine zimelala, mimi nimekwenda na mume wangu kuwaona wakwe, wewe umebaki peke yako, umelikuta limetundikwa, umeona matundu. Na wewe ukiona tundu huulizi. Umekaa kutwa nzima ukaziba yote thelathini na moja.

Asubuhi nalishusha mbele ya binti na mama yake na shangazi zake wawili, nageuza mgongo, mgongo mzima kama ukuta! Ulitaka nifanye nini, nipige vigelegele? Nilipiga kelele, sikatai. Ningempigia yeyote. Mengine yaliyosemwa asubuhi ile yalisemwa kwa haraka na watu wamenisimamia kichwani, sioni haja ya kuyarudia.

Chiriku.


Tarehe 25 Mei

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu na anashukuru kwa habari za meno ya mtoto. Nimemwambia nilirudi mapema kidogo ili nipumzike kabla ya kuanza kazi, na kwamba nilikaa vizuri, nilikula vizuri, na duka ni zuri kuliko kwenye picha. Yote ni kweli. Mama mdogo amekubali kubaki nasi. Redio imebaki naye.

Kazini nimekuta mashine yangu amepewa mtu mwingine. Sikuonewa, nilipoondoka hawakujua kama nitarudi. Mimi nimewekwa kwenye meza ya kioo, kukagua tu. Wengine wanashona, mimi natazama. Bibi Funguo aliniuliza kama nitaridhika na kukagua, nikamwambia nitaridhika. Ananiita dada kwa heshima, na sauti yake inashuka kila akiniambia la kufanya, kama anayeomba radhi.

Msalimie shemeji. Mwambie mtoto nilikumbuka kazi ndiyo maana nikaondoka bila kumuaga.

Dada yako.


Tarehe 19 Juni

Dada, na Mama, shikamooni.

Sisi wazima. Nimewatumia furushi dogo, Mama kuna sweta la kijivu la vifungo vikubwa ambavyo utaviona kwa vidole, na Mama mdogo kuna la bluu. Dada lako ni la kijani. Mtoto ameota jino moja, limekaa upande. Mvua zimeisha, vumbi limeanza, magauni meupe na vumbi mnajua wenyewe.

Chiriku.

Karatasi ya pembeni

Nimeona safari hii hukuweka karatasi ya pembeni. Nilitikisa bahasha mara mbili.

Sina la kusema zaidi. Nimeiweka hii ili na yangu isikose.


Tarehe 8 Agosti

Chiriku,

Utaniwia radhi kwa kukawia. Mama alishikwa na kifua wiki tatu, sasa yuko salama na anavaa sweta mchana kutwa hata jua likiwaka. Anavihesabu vifungo anapokuwa peke yake. Jana aliniuliza mbona siku hizi barua zako zimekuwa fupi, nikasema una kazi nyingi. Akasema, zamani pia alikuwa na kazi nyingi.

Mama mdogo anasema bluu inampendeza. Ndivyo ilivyo.

Dada yako.

Karatasi ya pembeni

Haya. Nimejikaza miezi mitatu, nguvu zimekwisha.

Siku ile ya Jumapili nilikuwa na furaha. Lazima nikuambie hilo kwanza, kwa sababu ndilo linaloniuma. Miezi miwili kwako nilikuwa sifai kitu. Wasichana wako wanashona magauni mawili mimi bado niko kwenye mkono mmoja. Walikuwa wananingoja kwa adabu, na adabu ile ilinichosha kuliko kazi. Halafu Jumapili nikaliona gauni lile limetobolewa mgongo mzima, nyuzi zinaning'inia, na najua Jumatatu mwenyewe anakuja. Nikadhani kuna msichana ameharibu akaogopa kusema. Nikasema moyoni, leo nitamwokoa mdogo wangu. Nilichukua kitambaa kilichobaki kwenye kapu, nikakaa dirishani, nikashona mpaka shingo ikakataa kugeuka. Sikujua kuna watu wanaotoboa nguo nzima kwa makusudi. Umri wangu wote tundu ni tundu. Sasa hivi nikilikumbuka nacheka mwenyewe, kweli. Ungenipigia kelele tu, ningecheka siku ile ile, baada ya kulia kidogo.

Lakini yule mama wa binti aliuliza, huyu ni nani? Na wewe ukamjibu.

Unajua ulichojibu. Mimi sitakiandika. Nimejaribu mara mbili kukiandika hapa nikachana karatasi. Kama kitaandikwa, kiandikwe kwa mkono wako.

Nilikuja kwako nikitumaini wivu utaisha, nimerudi nao na kitu kingine juu yake. Nakagua vitambaa nikiwa nakuwaza. Wiki iliyopita nilipitisha kitambaa kikiwa na tundu la sindano. Bibi Funguo ndiye aliyeliona, akanirudishia, wala hakumwambia mtu. Chiriku, vitambaa hivyo ndivyo vinavyofungiwa visu na mikasi ya upasuaji. Tundu dogo hivyo uchafu unapita, na aliyelazwa mezani hana habari. Miaka yote ile sijawahi kupitisha. Kazi hii ndiyo kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho, na sasa naipoteza kwa kugombana nawe kichwani kutwa nzima. Nimechoka nawe, na nimejichoka mwenyewe.


Tarehe 3 Septemba

Dada yangu,

Hakuna karatasi ya kumsomea Mama leo. Ni hii tu. Mimi sijui kuandika bila mzaha, kwa hiyo nivumilie nikiandika vibaya.

Nilisema: "Samahani sana mama, huyu si mtu wetu. Ni fundi mgeni, tulikuwa tunamjaribu tu."

Nimeliandika.

Nilikuwa naweza kusema dada yangu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamtazama yule mama na pochi yake, na wale shangazi, nikakutazama wewe na uzi begani na miwani imeshuka puani, nikalimeza. Niliona haya. Si kwa sababu ya gauni. Niliona haya wajue kwamba mimi natoka kwenye viraka. Na wewe ulikuwa umesikia, ukatoa uzi begani, ukasema, "Niwie radhi, mama," kwa sauti ya fundi mgeni kabisa. Ulinisaidia kukukana. Hapo ndipo ningekimbia nikushike mkono. Nilibaki nimeshika gauni.

Sasa nikuambie na la pili, si kujitetea. Unakumbuka ule mwaka mmoja niliofanya kazi hospitali chini yako, nina miaka kumi na tisa? Siku moja nilikuwa nimechoka nikafunga bunda zima la vitambaa bila kuviangalia kwenye taa. Ulipita, ukaona uso wangu. Ulifungua bunda mbele ya watu wote, ukakilaza kimoja kimoja juu ya kioo, vyote arobaini, mimi nimesimama pembeni. Ulipata viwili vyenye matundu. Ukanipa sindano. Niliacha kazi mwezi ule, nikawaambieni nataka kuona dunia. Nilikuwa nimeona kwamba hata nikishona mpaka nizeeke sitakuwa fundi kama wewe. Nikaenda mahali ambapo watu hawainui nguo kwenye taa.

Halafu ukaja dukani kwangu, na kila gauni lililomalizika ulikuwa unalibeba unalipeleka dirishani. Ulikuwa unalitazama, kisha unalirudisha tu kwenye kamba. Mara mbili nililiona moja umelifumua mkono ukalishona upya usiniambie. Ulikuwa unaona magauni kwenye kamba na mashine saba, na mimi nilikuwa naona kazi yangu juu ya kile kioo. Kwa hiyo uliponiandikia kwamba unanionea wivu, Dada, nikacheka peke yangu jikoni. Sijui tulikuwa tunatafuta nini kila mtu kwa mwenzake.

Yale matundu thelathini na moja nilikaa kuyafumua mwenyewe, nikawatoa wasichana nje. Ilinichukua siku mbili na usiku wake. Sikuweza kuona ulipoanzia. Nilipapasa kwa kucha nikitafuta fundo, hakuna fundo. Binti akaolewa amevaa gauni jingine.

Nimekukosea. Sina neno lingine kubwa zaidi ya hilo. Msomee Mama au usimsomee, nakuachia wewe.

Chiriku.


Tarehe 14 Oktoba

Mdogo wangu Chiriku,

Sisi tuko salama, na leo ni karatasi moja tu, haina pembeni.

Barua yako nilikaa nayo siku tisa kwenye mfuko wa aproni. Siku ya kumi nilimketisha Mama karibu na dirisha, nikamwambia Mama mdogo azime redio, nikaisoma yote, mpaka lile neno. Sauti yangu ilikatika hapo, Mama akasema, rudia. Nikarudia. Halafu akasema, na namnukuu kama alivyosema: "Miezi yote hii nasikia bahasha inafunguliwa, zinatoka karatasi mbili, nasomewa moja. Mlinidhani nimekuwa kiziwi pia?" Akataka chai. Baada ya chai akasema uje na mtoto, yeye atalipapasa hilo jino kama limenyooka. Hakukutetea wala hakukulaumu. Usiku nilimsikia analia, asubuhi akawa mtu wa kawaida.

Lile bunda la vitambaa arobaini nalikumbuka. Nilidhani nakufundisha. Sikujua umeondoka kwa ajili yake, na nimelikalia neno hilo muda mrefu. Ningeweza kukuita pembeni. Nilitaka watu waone kwamba mdogo wangu simpendelei, yaani nilikuwa nawaza watu, kama wewe ulivyowaza pochi ya yule mama. Nami nimekukosea. Nilipaswa kusema hivyo miaka ile.

Kuhusu lile lako, nimekusamehe, lakini usidhani halijaniuma tangu nilipolisoma. Linauma bado nikiinama. Litaisha lenyewe, tusiligusaguse.

Sasa nikueleze habari ya jana, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Si habari kubwa. Jana vililetwa vitambaa vingi kuliko kawaida, vyumba vyote viwili vya upasuaji vilikuwa vinafanya kazi. Nilianza saa moja na nusu. Nimevilaza, nimetazama, nimegeuza, nimetazama tena, vyenye matundu nimevitia alama ya chaki nikavisukuma upande wa washonaji, vizima nikavikunja. Saa nne nikanywa chai nimesimama. Bibi Funguo alipita akauliza kama nahitaji mtu wa kunisaidia, nikamwambia aje yeye, na akaja kweli, akavua zile funguo akazitupa juu ya rafu, tukakagua pamoja mpaka saa nane. Jicho lake ni zuri. Nilimfundisha vizuri, na sikuona uchungu kulisema hilo mbele ya wenzake. Alinicheka jinsi ninavyotoa ulimi nikiwa natazama, ati tangu yeye mwanafunzi nautoa vile vile. Kulikuwa na kitambaa kimoja kizee sana, kina viraka vyangu saba, kile cha kwanza sijui ni cha mwaka gani, na kiraka cha kwanza kilikuwa kimeshika kuliko kitambaa chenyewe. Nikakitoa kwenye kazi, kanuni ni kanuni. Kitakuwa cha kufutia meza.

Jioni mgongo uliniuma mpaka nikatembea nimeinama. Sikupandishwa cheo, mashine yangu haijarudi, na leo vimekuja vingine vingi vile vile. Nilifunga mlango nikashuka ngazi, na nilipofika chini nikasimama, kwa sababu niligundua kwamba tangu asubuhi sikukuwaza hata mara moja. Wala wewe, wala duka, wala nani amepewa nini. Siku nzima nilikuwa na vitambaa tu. Watu walikuwa wananipita pale kwenye ngazi, mmoja akauliza kama nimesahau kitu.

Basi nikaenda zangu. Na nilipokaribia nyumbani, nikiwa natafuta ufunguo mkobani, ukanijia. Ulinijia wewe tu, unavyoongea na pini mdomoni, unavyocheka kabla ya kumaliza kusema. Nikaketi kizingitini na mkoba mapajani. Miaka yote hii nimekuwaza kila siku, Chiriku, na hamu ya kukuona sikuwahi kuwa nayo. Jana ilinishika mpaka Mama akaniita kutoka ndani, akauliza nani yuko mlangoni haingii.

Dada yako.